Kiti cha Kushoto

Dunda, Bagamoyo
12 Januari 2025

Kwa dada yangu Samia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Amiri, na baridi ya Sumbawanga iwe imewahurumia. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Ashatu anakusalimu. Shangazi Habiba amehama Kaole na kuja kukaa kwetu moja kwa moja. Anasema mgonjwa haachiwi mke wa kijana peke yake. Basi jikoni kuna wenye nyumba wawili, na mimi nakula cha yule atakayewahi kupakua.

Shangazi ndiye aliyesema niandike. Tangu tulipokatiana simu siku ya maulidi amekuwa akinitazama kwa jicho baya. Juzi akaniambia, "Nyinyi wawili mkisikiana sauti mnagombana. Andikianeni. Mtu akiandika hupoa." Nami nimetii, na naitia posta kwa anwani ya shule yako.

Habari ya baba ni hii. Unajua tangu kiharusi kimpate, mkono na mguu wa kulia havina kazi, na maneno yalikuwa yamemkauka. Siku nzima anakaa barazani akitazama bodaboda zikipita, na ukimwuliza jambo anajibu "ndiyo" hata pale ambapo ndiyo haina maana. Na kusahau kumezidi. Sasa dukani kwangu, mteja mmoja aliniletea kompyuta nimtengenezee, na ndani yake mna programu ya kurusha ndege. Si mchezo wa kupigana risasi. Ni urubani kama ulivyo, na dunia yote imo, bahari, mito na viwanja. Nikaipenda nikaiweka kwenye mashine yangu. Baadaye nikagundua kuna watu kazi yao ni kutengeneza ndege za kuongezea kwenye programu hiyo, moja moja, kwa ufundi mkubwa. Miongoni mwao nikaikuta ndege ya injini mbili ya aina ile ile aliyokuwa akiirusha baba kwenda Mafia na Unguja. Dashibodi ile ile, saa zile zile, hata mchubuko kwenye ngozi ya usukani.

Nilimkalisha mbele ya televisheni niliyoiunga na kompyuta, nikidhani ataangalia tu. Nikawasha injini ya kushoto, kisha ya kulia, nikapaa vibaya. Injini zikawa hazilingani mwendo, zinavuma kwa mawimbi, wuu, wuu, wuu. Mimi hata sikujua kwamba hilo ni kosa. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akashika hewa, mahali ambapo kwenye ndege ya kweli pangekuwa na vishikizo vya pangaboi, yale mapanga yanayozungushwa na injini, akavuta kidogo. Akasema, "Zilinganishe."

Neno kamili, dada. Shangazi aliyekuwa anachambua mchele aliacha ungo.

Nimemwendea seremala akatuundia kasha lenye vishikizo sita: viwili vya nguvu, viwili vya pangaboi, viwili vya mafuta, na mimi nikaliunganisha na kompyuta. Mimi nakaa kushoto, yeye kulia kama anavyokaa mwalimu, kasha liko katikati ili mkono wake mzima ulifikie. Kila asubuhi kabla sijafungua duka tunaruka.

Nimeona nikuambie mimi kabla hujaambiwa na mwingine.

Mdogo wako,
Yusuf


Sumbawanga
9 Februari 2025

Kwako Yusuf,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ilikaa posta hadi mlinzi wa shule alipokumbuka kwamba ana barua ya mwalimu. Sisi tu wazima. Amiri alikuwa na kikohozi, kimekwisha. Mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri, na kidato cha tatu wamenipa wanafunzi wengi kuliko madawati. Msalimie wifi Ashatu, mwambie ile kanga aliyonipa nimeifanya pazia kwa sababu naiona kila siku kuliko nikiivaa. Shangazi mpe shikamoo yangu.

Nimefurahi baba anaongea. Nataka uamini kwamba nimefurahi.

Lakini umeandika "mimi nakaa kushoto" kama mtu anayeandika kwamba anakaa karibu na dirisha. Yusuf, unajua kile ni kiti cha nani? Tangu nikiwa darasa la tano baba alikuwa akishusha abiria, akirudi na ndege tupu, ananipandisha mbele. Ndugu waliniita kijana wa baba. Nilijua kazi ya kila kishikizo kabla sijajua kusonga ugali. Wewe wakati ule ulikuwa na mipira yako na redio zako mbovu, hukuwahi kuuliza ndege inarukaje. Leo unaniambia pangaboi kama vile umezivumbua.

Na hiyo si ndege. Ni televisheni. Nimewauliza vijana wa hapa wanaojua, wameniambia mtu anaweza kuiangusha asubuhi na mchana akaendelea na chai yake. Baba alikuwa hachezi na kitu kama hicho.

Nina swali moja tu, nalo unijibu bila kuzunguka. Mkiwa huko juu, anasema nini? Mara ya mwisho nilipokuja alinitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Ananitaja?

Dada yako,
Samia


Dunda, Bagamoyo
2 Machi 2025

Dada Samia,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo ndiyo kwanza tumefunga, na shangazi ameshaanza kukaripia watu kwa ajili ya tambi. Kikohozi cha shemeji nimemwombea. Ashatu amecheka sana habari ya pazia, kisha akanuna, kwa hiyo ukija uivae.

Umesema si ndege. Ningependa unisikilize kidogo. Hawa walioitengeneza wameifanya iwe na kumbukumbu. Ukiichosha injini leo kwa kuiminya kupita kiasi, kesho unaikuta imechoka vile vile. Ukisahau kufungua milango ya hewa chini ya injini wakati wa kupaa, joto linapanda na siku ya tatu inaanza kukohoa. Mimi niliiua ya kulia mwezi wa kwanza kwa ujinga huo, na baba hakuongea nami hadi jioni. Mtu hakasiriki hivyo kwa sababu ya televisheni.

Njia yetu ni moja. Tunatoka Dar, tunafuata pwani kwenda kaskazini. Bagamoyo kwenye programu ni majani matupu na vibanda vichache. Nyumba yetu haimo, hata msikiti. Baba hajali. Anapaonyesha kwa kidevu kila tukipita. Kisha tunafika mdomo wa mto Wami, na hapo kila siku anafanya jambo ambalo mwanzo lilinitisha. Anavuta kishikizo cha mafuta cha kushoto hadi nyuma. Injini inazima. Ndege inageuza pua kushoto kama ng'ombe aliyevutwa kamba, na kazi yangu ni kuizuia kwa mguu wa kulia, kulaza panga za injini iliyokufa zisishike upepo, kuiegemeza ndege kidogo upande ulio hai, na kutua Saadani kwa injini moja. Nimeanguka baharini mara nyingi. Siku hizi natua.

Umeuliza anasema nini. Anasema mambo ya ndege. Mguu, mwendo, usivute pua, subiri.

Umesema pia sikuwahi kuuliza ndege inarukaje. Dada, nani alikuwa ananiuliza mimi kama nataka kupanda?

Yusuf


Sumbawanga
3 Aprili 2025

Yusuf,

Idd mubarak kwenu nyote. Tumekula sikukuu kwa jirani kwa sababu gesi ilituishia mchana wa mfungo wa mwisho. Amiri anasalimu. Amenikuta nasoma barua yako mara ya pili na ameniuliza kama kuna msiba.

Mdomo wa Wami, umesema. Na kushoto.

Sikuwahi kukuambia, na baba alinikataza kumwambia marehemu mama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tulikuwa tunarudi kutoka Tanga, ndege tupu, mimi ndiye nimeshika usukani. Pale pale Wami injini ya kushoto ilizima yenyewe. Nilifanya kosa. Nilivuta pua juu kwa hofu, mwendo ukaporomoka, na baba akanitoa mikono kwenye usukani kwa kunipiga kiwiko. Alitua Saadani. Tulikaa chini ya bawa mpaka walipokuja watu wa hifadhi. Hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia nisahau shule ya urubani, nikasome ualimu. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Nimesema." Kuanzia siku hiyo hakunipandisha tena, na mimi nikasoma ualimu, nikaomba kazi mahali pa mbali kadiri ramani ilivyoruhusu.

Kwa hiyo sasa unielewe. Kitu alichoninyima mimi anakupa wewe kila asubuhi kabla ya duka. Anakuzimia injini pale pale, anakungoja, anakuacha uanguke baharini mara nyingi na bado kesho anakaa pembeni yako. Mimi nilikosea mara moja.

Usiniambie kwamba anasema mambo ya ndege. Nakujua. Ukificha jambo sentensi zako huwa fupi. Anasema nini?

Nitakuja mwezi wa sita, shule zikifungwa.

Samia


Dunda, Bagamoyo
27 Aprili 2025

Dada Samia,

Shikamoo. Mambo ya Wami nilikuwa siyajui. Pole.

Sisi wazima. Shangazi alikwenda Kiwangwa arusini akarudi na mananasi ambayo hatuwezi kuyamaliza. Ashatu ana ujauzito, inshallah mwisho wa mwaka. Habari za nyumbani ndizo hizo.

Kuhusu mwezi wa sita, mimi sikukatazi kuja kwa baba yako. Nasema tu kwamba amekuwa mchovu, na wageni wanamvuruga. Pengine Disemba ingekuwa bora, utamkuta na mjukuu. Fikiria.

Yusuf


Dunda, Bagamoyo
22 Juni 2025

Dada yangu Samia,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma. Umeondoka alfajiri bila kuniaga, tukakuta kitanda kimetandikwa na zawadi za mtoto juu ya mto. Shangazi analia kwa siri, Ashatu analia waziwazi. Natumaini ulifika salama na shemeji mzima.

Niache niandike mambo yote, kwa sababu ulipokuwa hapa sikuweza kukutazama usoni.

Asubuhi ile ya pili baada ya Idd ya kuchinja, uliponiambia, "Leo nikae mimi," nilijua kitakachotokea, na nikainuka. Ningeweza kukueleza kabla. Nilinyamaza kwa makusudi, na makusudi yenyewe si mazuri. Ulikaa kushoto, umevaa ile kanga uliyoifanya pazia, ukaweka mkono kwenye vishikizo vizuri kuliko mimi. Baba alikuangalia kwa adabu kubwa, kama anavyowaangalia wake za watu, akasema, "Samahani bibi. Hapo anakaa binti yangu." Akageuka kunitafuta mimi. "Samia, mbona umesimama? Njoo tuondoke, upepo ni mzuri."

Nikaona uso wako, dada, na sitausahau.

Sasa unajua anachosema. Tangu siku ya kwanza ananiita Samia. Aliponiambia "Zilinganishe" alimaliza na jina lako, nami nikalikata nilipokuandikia. Tukifika Wami anazima injini, anasema, "Samia, usivute pua. Mguu wa kulia. Polepole, mama, nipo." Nikitua vizuri anasema, "Umeona Samia? Unaweza." Ndevu zangu hazioni. Sauti yangu haisikii. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemgeuza kitandani, ninayemlisha uji, na katika kazi zote hizo hana jina la kuniita. Jina anapata tukiwa angani, nalo ni la kwako.

Uliponiuliza kama anakutaja, ningekujibu nini? Kwamba anakutaja kuliko anavyomtaja Mungu? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kwangu na baba, na hicho nacho umo ndani yake. Ukiwa Sumbawanga, umbali wote huo, wewe ndiye uliyekaa kushoto. Mimi ni kama mto uliowekwa kwenye kiti ili ufikie usukani.

Ndiyo maana nilikuambia uje Disemba. Niliogopa ukija atakutambua, na mimi nitarudi barazani.

Hakukutambua. Nilifurahi, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha nikakusikia unasema, "Sawa baba, mwache binti yako akae," na ukaenda kusimama nyuma ya mlango. Furaha ile sitaki niwe nayo tena.

Mdogo wako,
Yusuf


Sumbawanga
24 Agosti 2025

Yusuf,

Marahaba. Tumefika salama, sasa ni zamani. Amiri mzima. Mahindi tumevuna. Zile zawadi ni za mtoto kweli, usiache Ashatu aziweke kabatini kwa huzuni. Watoto hukua haraka.

Barua yako niliisoma mwezi wa saba, nikaiweka. Nilikuwa nakuandikia majibu nikiwa darasani, nikiwa jikoni, yote ya matusi. Nilitaka kukuambia kwamba umeniibia. Kila nikifika hapo naona kwamba kilichoibiwa nimeshakipata, ila sikuwepo kukipokea. Akili yangu inachoka hapo.

Tena kuna jambo ulilolisema bila kujali. "Umeona Samia? Unaweza." Yusuf, maneno hayo nimeyangoja tangu tulipokaa chini ya bawa pale Saadani. Sasa nimeyasikia kwa barua, yamepita kwenye masikio ya mtu mwingine. Nilikuwa na wivu juu ya kiti. Siku hizi nina wivu juu ya masikio yako.

Nikakasirika nikanunua kompyuta. Amiri anaogopa kuuliza. Nimeiweka programu ile na ndege ile ile. Wiki ya kwanza sikuweza hata kuwasha injini. Nilisahau kwamba ya moto inataka mafuta kidogo kuliko ya baridi. Sasa naruka. Nimejizimia ya kushoto Wami peke yangu, na mara ya kwanza, na umri huu wote, nimevuta pua tena. Nimelia mbele ya televisheni, Amiri akazima taa ya sebuleni akanipisha.

Kijana mmoja wa maabara amenionyesha kwamba mashine mbili zinaweza kuunganishwa. Wewe ukiruka huko, mimi hapa nakuona kwenye ramani, na tunasikiana kwa visikizio. Sitaki kiti. Baba amekwisha kusema kiti ni cha nani. Lakini kila ndege inaongea na mnara wa kuongozea, na ndege yenu haina wa kuongea naye. Niruhusu niwe mnara.

Samia


Dunda, Bagamoyo
14 Septemba 2025

Dada Samia,

Shikamoo. Wazima sote. Ashatu miguu imevimba lakini mkunga anasema ni kawaida. Shangazi ameshachagua jina la mtoto na hataki kulisema.

Nimekaa na ombi lako siku kadhaa na nakuambia ukweli kwamba lilinichoma. Nilifikiri: hata hapa anataka aingie. Asubuhi hizi ni zangu. Nimezijenga kwa kasha la mbao na nyaya nilizounga mwenyewe. Nikamwambia Ashatu kwamba nitakukatalia. Akaniuliza, "Ukimkatalia, asubuhi hiyo baba ataita jina la nani?"

Kwa hiyo nakubali, ila kwa masharti. Jumamosi tu. Siku nyingine mniachie. Ukiwa mnara uwe mnara. Usiniambie mguu gani nikanyage. Na tusigombane humo, anasikia.

Yusuf


Sumbawanga
12 Oktoba 2025

Yusuf mdogo wangu,

Nakusalimu, na Ashatu, na shangazi, na huyo ambaye bado hana jina. Huku jua kali na vumbi. Amiri mzima, Jumamosi ile ya kwanza tuliyoruka pamoja aliniletea chai kwenye meza ya kompyuta bila kuombwa, na mimi nikajua kwamba naye alikuwa anasikiliza.

Wewe ulikuwepo upande wako. Nataka nikuambie upande wangu ulikuwaje, kwa sababu sikuweza kusema kitu pale.

Nilikuona kwenye ramani, alama ndogo inayotambaa juu ya bahari. Nikakuita kwa Kiingereza cha redio kama nilivyokuwa nikiwasikia watu wa mnara nilipokuwa mdogo. Nilitegemea unijibu wewe. Akajibu yeye. Yusuf, ile haikuwa sauti ya mtu wa barazani. Ilikuwa ya baba wa zamani, Kapteni Mwinyijuma, nzito, haina haraka, anataja namba ya ndege na kimo bila kukwama hata silabi. Nililazimika kuziba kisemeo kwa kiganja.

Mlipokaribia Wami nilijua atazima, nikaiona alama inayumba. Nikauliza kama mna tatizo. Akaacha Kiingereza. Akasema, "Mnara, injini ya kushoto imezima. Hatuna shida. Nimemwachia binti yangu."

Nikanyamaza, na mnara haunyamazi. Akadhani sijaelewa, akafafanua. "Siku moja nilimnyang'anya usukani hapa hapa. Nilikuwa na hofu mimi, si yeye. Leo nimemwachia."

Nikasema, "Nimekusikia, Kapteni. Mwambie binti yako uwanja ni wake, atue."

Kisha nikakuona unashuka. Polepole, vizuri, hukuvuta pua. Ulipogusa ardhi nilizima mashine kwa sababu mnara ungelia.

Nataka ujue kwamba wivu haujaisha. Nilikuwa naangalia ile alama ikitua na nilikuwa nasema moyoni, ile ni mikono yangu. Si mikono yangu, ni yako. Ulitua vizuri kuliko ninavyotua mimi hapa, na mimi nimeshika usukani nikiwa mtoto. Nimekaa siku nyingi hadi niweze kuliandika hilo.

Samia


Dunda, Bagamoyo
26 Oktoba 2025

Dada Samia,

Shikamoo. Hatujambo, na tunakungoja Disemba. Ashatu anasema hazai mpaka wewe ufike, kana kwamba hiari ni yake. Mananasi ya Kiwangwa yamerudi tena. Shemeji mwambie ajiandae kubeba.

Barua yako nimeisoma dukani, nikafunga mlango nusu. Sina la kujibu kwa yale uliyoandika, isipokuwa kwamba baba alipokuwa anakuambia habari ya hofu yake, alikuwa amenishika bega kwa ule mkono mzima. Nilikuwa natua huku nimebeba mkono wake. Kwa hiyo mkono huo nao ulikuwa wako, nakupa.

Lakini ulizima mapema. Kuna kilichofuata, nami nimekikalia hizi wiki kama mtu anayeficha kipande cha nyama chini ya wali.

Tulisimama mwisho wa uwanja wa Saadani. Baba akavuta vishikizo vya mafuta, pangaboi zikasimama, akavua visikizio. Huwa hapo ndipo anapozima na yeye, macho yanarudi barazani. Siku ile hayakurudi. Akanitazama muda mrefu, nikafikiri sasa ameniona. Akasema, "Samia."

Nikasema, "Naam baba."

"Safari ijayo tumchukue na mdogo wako. Yule mtoto tunamwacha uwanjani kila siku. Anasimama kwenye uzio mpaka turudi, kisha anakimbia nyumbani kabla yetu ili tusijue."

Dada, hilo sijamwambia mtu duniani, si mama, si Ashatu. Enzi zile tukikaa Dar, nilikuwa nakuja kwa miguu kutoka shule, nashika waya za uzio, naitazama ndege hadi inakuwa nukta, na nikiiona inarudi nakimbia. Nilidhani nilifaulu kujificha. Kumbe rubani huona mbali. Alikuwa ananiona kutoka juu, kila mara, na alikuwa ananihesabu kwamba nipo.

Nilitaka kumwambia, baba, ni mimi, nimekaa hapa. Maneno yalifika mdomoni. Nikamwangalia, alikuwa anangoja jibu la Samia, amekunja paji la uso kama mtu anayeomba jambo ambalo huenda akakataliwa. Angeomba kwa nani mwingine? Kijana wa baba ulikuwa wewe.

Nikamjibu kwa niaba yako. Nikasema, "Tumchukue, baba. Nitampisha mbele."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaniomba chai.

Wasalimie wote huko, na Mungu akufikishe salama.

Nduguyo,
Yusuf